Sauti ya Lusia Ilikuwa Nyumba ya Pili

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka ufukweni na kauri kumi na kitu mfukoni mwa kaptura, akazificha chini ya kitanda changu asije akanyang'anywa na nduguze. Siku ya tatu chumba kizima kilinuka. Mkwe wangu alidhani panya amefia ukutani, akaja na ufagio na ndoo ya maji. Mimi nilikaa kitandani nimetulia, nikiivuta ile harufu. Mnyama wa kauri anapooza ndani ya gamba lake hutoa uvundo usiofanana na mwingine wowote, na sisi tuliokulia Kismayu wakati wa Mtaliani hatuwezi kuukosea. Kwangu mimi ule ndio uvundo wa ua wa Bi Arafa, na ua wa Bi Arafa ndipo nilipojifunza kutomwamini mtu.

Bi Arafa alikuwa Mbajuni wa kisiwa cha Chula. Mumewe alikuwa fundi wa vyombo vya bahari huko Koyama na huja mjini mara moja kwa miezi mingi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake na wanawe wawili wadogo. Alisuka mikeka, na katikati ya ua alikuwa na shimo ambamo alizika kauri walizomletea jamaa zake kutoka visiwani. Huzifukia kwa mchanga, akaziacha zioze, kisha huzifukua na kuziosha kwa maji ya chumvi mpaka zing'ae. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na wigo wa makuti tu. Wao walikuwa Waislamu, kama karibu mji mzima. Sisi tulikuwa miongoni mwa Wakristo wachache waliosali misheni pamoja na Wataliani, na baba yetu, Fundi Yakobo, ndiye aliyekuwa seremala wa misheni. Alitoka upande wa Mombasa, akaja kazini chini ya bendera ya zamani, ya Mwingereza, na bendera ilipobadilishwa wenziwe wakarudi kwao, yeye akabaki kwa ajili ya mama yetu, ambaye alikuwa binti wa watu wa mtoni aliyelelewa na masista.

Mama alifariki na mtoto tumboni. Mimi nilikuwa na miaka saba, mdogo wangu Lusia alikuwa na mitatu. Nakumbuka nyumba ilivyojaa wanawake, na nakumbuka kwamba mpaka siku ile Lusia alikuwa kasuku, haambiwi nyamaza akanyamaza. Tangu siku ya maziko hakusema tena. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alicheza, aliitikia kwa kichwa, alinivuta gauni akitaka kitu. Lakini kinywa kilifungwa. Sista wa zahanati alimtazama koo akasema ni zima. Padri akasema tumwombee.

Tukamwombea. Kila magharibi Baba alitupigisha magoti mbele ya msalaba aliouchonga mwenyewe, tukasali rozari. Alikuwa ametugawia. Salamu Maria ya kwanza ilikuwa yake, ya pili yangu, ya tatu ya Lusia. Ikifika zamu ya Lusia, Baba hunyamaza. Hakumsemea wala hakumruka. Alisubiri kadiri ya muda ambao mtoto angechukua kusema sala nzima, shanga ikiwa kati ya vidole vyake, kisha anaendelea. Mimi niliyachukia yale mapengo. Sauti za watu wote wa mtaa ziliingia humo: mtu anakohoa, mbuzi wa Wasomali wanarudishwa, Bi Arafa anasaga nafaka upande wa pili. Lusia alikaa amefumba macho na midomo imebanwa. Mara nyingine nilimfinya pajani ili angalau alie kwa sauti. Alilia, lakini machozi matupu.

Asubuhi mimi nilikwenda shule ya masista, ambako tulihesabu kwa Kitaliani na kuimba kwa Kilatini. Baba alikwenda karakana ya misheni. Lusia aliachwa kwa Bi Arafa mpaka nitakaporudi adhuhuri kumchukua. Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku moja sista wetu alishikwa na homa, tukarudishwa mapema. Nilipita njia ya nyuma, ile ya kando ya wigo, kwa kuwa ilikuwa na kivuli. Nikasikia mtoto anazungumza uani kwa Bi Arafa. Nilidhani ni mmoja wa wanawe. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtoto wa kike, nyembamba, na ilikuwa inasimulia jambo refu kwa Kibajuni, na ndani yake mlikuwa na namna ya kuvuta pumzi katikati ya neno ambayo niliifahamu kama ninavyofahamu mkono wangu. Niliweka jicho kwenye tundu la kuti. Lusia alikuwa amechutama kando ya shimo la kauri, anazipanga mistari mistari, na anaongea. Anamwambia Bi Arafa kwamba hii ni mama, na hawa ni watoto, na huyu mchu mbaya amekuja kuwala, na wewe Bi ndoo umfukuze. Alisema "mchu", sio mtu. Alisema "ndoo", sio njoo. Bi Arafa aliendelea kusuka, akaitikia tu, "Enhe. Halafu?"

Nilizunguka nikaingia kwa mlango. Lusia aliponiona, alifunga kinywa, akaja kunishika gauni. Bi Arafa alinitazama, kisha akatazama ukili wake.

"Mmerudi mapema leo," alisema.

"Ndiyo, Bi Arafa," nilisema. Nikamchukua mdogo wangu tukaenda zetu.

Nilikuwa na miaka tisa, na katekisimu nilikuwa nimeshaisoma hadi kwenye kurasa za shetani. Sikuhitaji kuelezwa. Nilielewa papo hapo kwamba mama yetu alipokufa na watu wakawa wanashughulika, Bi Arafa aliichukua sauti ya Lusia. Alikuwa nayo nyumbani kwake. Asubuhi anampa aitumie, adhuhuri anamnyang'anya kabla sijafika. Mambo yote niliyowahi kuyaona kwake yakaanza kushuhudia. Ule uvundo. Lile shimo linalofukiwa na kufukuliwa. Hata makombo ya mkate niliyoyakuta mara kadhaa nyuma ya wigo, upande wa njia, yamemwagika mahali palepale. Nani anaacha mkate mchangani, kama si kuwalisha wasioonekana?

Nikaanza kuitafuta. Siku Bi Arafa alipokwenda kisimani nililifukua shimo kwa mikono yangu mpaka kwapani, nikatapika, nikalifukia. Nilichungulia ndani ya mitungi. Mwishowe nikaona kwenye dirisha lake kome moja kubwa la baharini, la rangi ya waridi ndani, ambalo alikuja nalo kutoka visiwani alipoolewa. Nililitia sikioni. Ndani mlikuwa na kitu kinavuma mbali sana, kama mtu anayesema huku amezibwa mdomo. Nililificha kwenye mkoba wa shule. Kesho yake nikalichovya kwenye maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, nikasema Baba Yetu mara tatu, na nilipofika nyumbani nikachukua nyundo ya Baba nikalivunja mbele ya Lusia, kinywa chake kikiwa karibu, ili sauti isipotee njiani.

Lusia aliangalia vipande, akaangalia nyundo, akainuka akaenda kumwita Bi Arafa kwa kumshika mkono.

Bi Arafa aliokota kile kipande kikubwa. Nilingoja anipige. Akaketi kwenye kizingiti chetu.

"Watafuta nini, Vero? Shimo langu walifukua, mitungi yangu waifunua. Nakuona."

"Sauti ya Lusia," nilisema.

Alikigeuza kile kipande mkononi. Kisha akasema, "Haiko humu, mwanangu. Iko kinywani mwake. Akitaka huitoa, asipotaka huiweka. Mimi sikumuuliza, ndipo akaitoa kwangu."

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Nikimwambia atakuja mbio. Na mtoto akikimbiliwa atafunga na huku pia." Alinishika kidevu. "Nawe usimwambie mchu. Ngoja."

Sikumwamini hata neno moja. Mtu mwema, kwa nilivyofundishwa, hasemi usimwambie mtu. Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba nikisema ataiharibu ile sauti kabisa. Kwa hiyo kila magharibi Baba aliponyamaza kumngojea Lusia amalize Salamu Maria yake, mimi nilikuwa nimepiga magoti kando yake nikijua, na sauti yenyewe iko hatua ishirini kutoka pale.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Kanisa la misheni halikuwa kubwa. Wanawake na watoto upande mmoja, wanaume upande wa pili, Wataliani mbele kwenye viti. Siku hiyo husomwa Mateso ya Bwana yote, kwa Kilatini wakati ule, na watu husimama mwanzo hadi mwisho. Sista mkubwa alisimama nyuma yetu na funguo zake, na alikuwa ametuonya kwamba atakayetikisika atapiga magoti kwenye kokoto baada ya misa. Lusia alikuwa amekunywa mabakuli mawili ya uji kwa Bi Arafa kabla hatujaondoka. Kabla Petro hajamkana Yesu alikuwa ameshaanza kunivuta gauni. Nilimwambia kwa sikio, ngoja. Alibana miguu. Alinivuta tena. Nilimshika mkono kwa nguvu, na nakiri kwamba nilifurahi kidogo, maana nilikuwa na hasira naye, yeye anayemfichia kinywa Baba na kumfungulia mwanamke wa nyumba ya pili.

Padri alifika pale Bwana anapokata roho. Hapo msomaji hunyamaza na kanisa zima hupiga magoti kimya. Tulipiga magoti. Hapakuwa na sauti hata ya nzi. Ndipo Lusia alipochomoa mkono wake kwangu, akasimama peke yake katikati ya watu wote walioinama, akatazama upande wa wanaume, akasema kwa sauti safi iliyofika hadi altareni:

"Baba, ndoo."

Baba aliinuka. Alivuka katikati ya kanisa, seremala mwenye viatu vya kuazima, akamnyanyua mwanawe kifuani. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia. Padri aligeuka. Baba akatoka naye nje, mimi nikawafuata nikijua kokoto zinaningoja. Niliwakuta nyuma ya ukuta, Baba amepiga magoti amemkumbatia, mabega yake yanatikisika, na shati lake jeupe limelowa kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Watu walipotoka misa walilitazama lile shati, na baadaye walikuwa wakisimuliana jinsi Fundi Yakobo alivyolia mpaka nguo zikalowa. Mimi nilikuwa karibu. Nilinusa. Yale hayakuwa machozi.

Lakini nani angemsikiliza mtoto wa miaka tisa? Bubu alikuwa amesema dakika ileile Kristo anayokata roho. Padri alimwita Baba sakristia, chumba cha nyuma ya altare, nami nikasimama mlangoni.

"Nyumbani, tangu mamaye afe, aliwahi kusema neno?" Padri aliuliza kwa Kiswahili chake cha kutembea polepole.

"Kamwe, Padri," Baba alijibu.

Nilimtazama. Alijibu haraka mno, akiangalia chini, kama mimi ninapoulizwa kama nimefagia. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumshuku na baba yangu.

Baba hakumkataza mtu kusema ni muujiza. Wiki ile Lusia aliketishwa benchi la mbele, amevishwa gauni jipya la masista. Wanawake waliokuwa hawatutembelei tangu maziko walikuja na mayai. Sista mkubwa alimpa picha ya Bikira ya kutundika. Na Lusia, mara baada ya yale maneno mawili, alikuwa amefunga kinywa tena. Wakasema ni unyenyekevu, muujiza hausemi ovyo. Asubuhi nilimpeleka kwa Bi Arafa kama kawaida, na nikisimama nyuma ya wigo nilimsikia anaongea kama chiriku. Bi Arafa alikuwa amesikia habari za kanisani, mji ulikuwa mdogo. Aliniambia tu, "Basi kamwita babake. Alhamdulillahi." Nikaona hata yeye anataka sehemu yake ya muujiza.

Baada ya Pasaka akaja mwanamke kutoka mashamba ya mtoni, Mkristo wa ukoo wa kina mama yangu, amebeba mtoto mchanga aliyejaa usaha machoni. Alikuwa ametembea siku mbili. Zahanati ya masista ilikuwa hapohapo, mlango wa kijani, lakini hakuiendea. Alitaka mkono wa Lusia. Sista mkubwa aliuleta ule mkono, akauweka juu ya macho ya mtoto, na wote wakasali. Lusia aliponigeukia nilimwona ana hofu kama ile ya siku ya mama. Yule mwanamke alibusu ule mkono mdogo wenye harufu ya kauri, akashukuru, akafunga mtoto mgongoni na kuanza safari ya kurudi. Sista wa zahanati alimkimbilia na chupa ya dawa. Sikuona kama aliipokea, kwa maana walikuwa wamekwishapinda kona. Mpaka leo sijui macho ya mtoto yule yaliishia wapi, na nimeyafikiria mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Jioni ile Baba alituambia kwamba Lusia atapanda meli ijayo kwenda Mogadishu. Barua ilikuwa imekwenda kwa askofu. Atakaa na masista wa huko, atasoma, atavaa viatu. Alilisema hilo akiwa anapiga randa ubao ambao hakuwa na kazi nao.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utabaki unipikie."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Nilisimama mbele ya randa yake ili asiweze kuisukuma. "Baba, haukuwa muujiza. Alikuwa anataka kukojoa. Mimi nilimzuia, ndipo akakuita."

"Najua," Baba alisema. "Shati lilikuwa langu."

Nikasema lile la pili, lile kubwa, ambalo nilidhani litamwua. "Na anasema. Anasema kila siku kwa Bi Arafa. Amemwibia sauti."

Aliweka randa chini. Alikung'uta vumbi la mbao mikononi, kidole kwa kidole. "Hakuibiwa. Na hilo pia nalijua. Siku moja nilisahau patasi nikairudia saa sita, nikamsikia. Tangu siku hiyo, saa ya chakula, huchukua mkate wangu nikasimama pale nyuma ya wigo. Nala huku nasikiliza. Amejifunza maneno mengi. Ana mzaha, wajua? Kama mama yenu."

Nikakumbuka makombo mchangani. Nilikuwa nimeshayakanyaga nikifanya ishara ya msalaba.

"Kwa nini hukuingia?"

Alisema, "Siku ya maziko ulikuwa na wanawake chumba cha mbele. Lusia alikuwa kwangu. Alikuwa anamwita mamake. Mama, mama, mama, hakomi, na sanduku nalipigilia misumari mwenyewe, hapakuwa na fundi mwingine. Nikamziba mdomo kwa mkono huu. Nikamwambia, nyamaza, nisikusikie tena." Aliutazama mkono. "Akatii. Mtoto mtiifu."

Randa ilikuwa kati yetu.

"Ndiyo maana nikakubali meli," akasema. "Kwa jirani anasema. Huko nako huenda akasema. Ni hapa tu kwangu ndipo hawezi."

"Lakini kanisani alikuita wewe," nilisema. "Bi Arafa hakuwepo, sawa, lakini mimi nilikuwepo, nimemshika mkono. Sista alikuwepo. Alikuita wewe."

Baba aliketi juu ya ubao. Nikaogopa, kwa sababu uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu. Kisha akaniambia nivae viatu.

Padri alikuwa barazani anakunywa kahawa, sista mkubwa amesimama na funguo. Baba hakuketi. Alieleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoeleza kipimo cha mlango: wigo, mkate, uji, shati. La mkono wake mdomoni kwa mtoto pia alilisema, nami nilijua lile lilimgharimu kuliko mengine, maana angeweza kuliacha. Padri aliweka kikombe chini.

"Ulinijibu kamwe, Fundi."

"Uliniuliza nyumbani, Padri. Nyumbani hakusema kamwe. Nilijua unalotaka kuuliza, nikajibu ulilouliza. Nimekuja kuungama hilo."

"Barua imekwenda," sista mkubwa alisema. "Watu wameona. Unataka tuwaambie nini, kwamba mtoto alikuwa na haja ndogo?"

"Waambie mlipendalo, Sista. Mtoto haendi."

"Basi kwako wewe hakuna muujiza wowote?" Padri aliuliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Upo, Padri. Ila ni wangu, hauwezi kutoka kwenda Mogadishu."

Hatukufukuzwa kanisani, hakuna aliyetamka neno kama hilo. Benchi la mbele tu lilijaa watu wengine, na kazi za misheni zikampata fundi mwingine, Baba akawa anapigilia makasha bandarini. Gauni jipya lilichukuliwa. Waumini waligawanyika. Wako waliosema Fundi amemuuza mwanawe kwa Waislamu ndiyo maana anakana kazi ya Mungu, wako waliosema tangu mwanzo walijua ulikuwa ujanja wa kujipatia mayai. Ilisemwa pia kwamba Bi Arafa ndiye aliyemroga Padri akaiachilia meli iende bila mtoto. Niliposikia hilo kisimani nilitaka kumtetea, lakini maneno yalikuwa yangu mwenyewe ya siku si nyingi, nikachota maji yangu nikaondoka.

Meli ilikuwa imeshaondoka, na shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilikuwepo uani kwa Bi Arafa mwenyewe siku Baba alipokuja saa sita na mkate wake mkononi. Safari hii hakusimama nyuma ya wigo. Alikuja mlangoni akapiga hodi.

"Karibu, Fundi," Bi Arafa alisema, bila kuinua macho kwenye mkeka.

Lusia alikuwa katikati ya maneno. Akakata. Baba hakumtazama. Alikwenda kuketi pembeni, akatugeuzia mgongo, akala mkate wake mkavu akiangalia ukuta, akashukuru, akarudi kazini. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu vivyo hivyo, na siku baada ya hapo. Kila akiingia, Lusia alinyamaza, na kila akitoka alianza. Mimi niliona Baba anamtesa. Bi Arafa aliendelea na ukili wake kama kwamba hakuna jambo. Nilimchunguza sana siku zile nione kama anafurahi kuwa mtoto ni wake, na sikuona, na kutokuona kuliniudhi.

Sikuhesabu siku. Najua tu kwamba ilikuwa siku ya samaki, na sufuria ilikuwa jikoni, na Baba alikuwa amempa kila mtu kisogo kama kawaida. Lusia alikuwa anazipanga kauri zake. Alimwinamia Bi Arafa, akanyoosha kidole kwenye ule mgongo uliokuwa unatafuna taratibu, akasema, si kwa kunong'ona:

"Baba angu ala mkate mkavu. Mpe mchuzi."

Baba aliacha kutafuna. Shingo yake ilikakamaa, nikadhani atageuka, atakuja mbio, ataharibu kila kitu. Hakugeuka. Alimeza, akamega tonge jingine la mkate, akalishika mkononi pasipo kulipeleka kinywani.

Bi Arafa akainuka kwenda kuchota mchuzi.